Mrejesho: Mtalaka wangu aliyetaja kipato pungufu ili apunguziwe matunzo ya watoto

Niliwaeleza awali kwamba mtalaka wangu, ambaye amejiajiri, aliapa mbele ya mahakama kuwa na kipato kidogo mno kisicholingana na maisha anayoishi, hivyo matunzo ya watoto wetu wawili yakapangwa kwa kiwango kisichotosha hata ada. Nawashukuru mlionishauri niache kugombana naye kwenye simu, nikusanye vielelezo.

Wakili wangu aliiomba mahakama imwamuru awasilishe taarifa za benki za miezi 12, hesabu za biashara na ritani za kodi (taarifa za mapato anazowasilisha kwa mamlaka ya kodi), nasi tukaambatanisha matumizi yake yanayojulikana, yaani pango, rejesho la mkopo wa gari na safari. Hatukukuta akaunti yoyote ya siri. Kilichomwangusha ni gharama za nyumbani alizoziandika kuwa za biashara, pamoja na ukweli kwamba kila mwezi alilipa zaidi ya alichodai kupata, bila kuonyesha deni lolote lililoziba pengo hilo. (Nilishawishika kufungua barua pepe zake kwa siri, nashukuru sikuthubutu, kwani jambo hilo lingeweza kunigeukia.)

Hakimu alimkadiria kipato kwa kuzingatia matumizi na uwezo wake wa kuzalisha, akaongeza kiwango cha matunzo. Malimbikizo ya matunzo bado hayajalipwa, nasi tumeomba utekelezaji wa amri. Watoto wanaendelea kumtembelea baba yao kama kawaida, maana hilo halikuwa sehemu ya kesi.