Besiboli 1987: Nolan Ryan aliporwa mchana kweupe, acheni kutuletea orodha za washindi wa tuzo kama ndiyo ukweli

Wakuu, heshima kwenu. Jana mdau mmoja kaleta hapa orodha ya "wachezaji bora wa msimu wa 1987" wa ligi kuu ya besiboli Marekani. Kachukua majina ya waliopewa tuzo, kayapanga, kamaliza. Chini watu wanamwaga pongezi. Nimeisoma mara tatu na kila mara damu inachemka. Jina la Nolan Ryan, mrushaji wa Houston Astros, halimo kabisa! Nipo Houston mwaka wa kumi na moja sasa, mchezo huu nimefundishwa na wazee ninaofanya nao kazi ghalani, na hili jambo hapa ni kidonda. Sasa naliandika lote, anayebisha abishe kwa takwimu.

Kwa wasioufuatilia mchezo: kazi ya mrushaji ni kuwazuia wapigaji wa timu pinzani wasipate pointi. Kipimo chake kikuu ni wastani wa pointi anazoruhusu kwa kila iningi 9 (iningi ni raundi ya mchezo, mechi kamili ina 9), na ukiwa mdogo ndiyo vizuri. Kipimo cha pili ni wapigaji wangapi amewatoa kwa straiki tatu, yaani wamerudi benchi bila hata kuuweka mpira mchezoni. Ligi kuu ina ligi mbili ndani yake, ya Nationali na ya Amerika, kila moja na tuzo zake. Mwaka 1987 ligi ya Nationali iliongozwa na mtu mmoja kwenye vipimo vyote viwili. Ryan, Houston Astros, umri miaka 40. Wastani 2.76. Straiki tatu 270, na hata kule ligi ya Amerika hakuna aliyefika hapo. Kinara wao Mark Langston alikuwa na 262. Na huo ndio mwaka mpira uliruka kuliko miaka yote iliyotangulia, homu rani (pigo linalovusha mpira nje ya uwanja na kuleta pointi) 4,458 zikapigwa, rekodi ya wakati ule. Warushaji wanachinjwa kila kona, babu wa miaka 40 anawanyamazisha.

Akapata nini? Nafasi ya tano kwenye kura za Cy Young, tuzo ya mrushaji bora. YA TANO!

Sababu mnaijua. Alishinda mechi 8 akapoteza 16. Waandishi waliopiga kura wakaangalia hizo namba mbili wakafunga daftari. Sasa niambieni ninyi watu wa Simba na Yanga: kipa amekaa golini msimu mzima, kafungwa magoli machache kuliko kipa yeyote wa ligi, ila washambuliaji wake butu, mechi zinaisha moja bila, mbili moja. Mtasema huyo kipa ni mbovu? Mrushaji hapigi homu rani za timu yake. Astros hawakumfungia pointi, basi akabebeshwa mzigo wa watu wengine.

Na tuzo akapewa nani? Steve Bedrosian wa Philadelphia Phillies, mrushaji anayeingia mwishoni timu yake ikiwa tayari inaongoza, kazi yake kulinda ushindi usipotee. Alilinda mara 40, akaongoza ligi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kulinda 40 si mchezo, na kuna kipindi alilinda mara 13 mfululizo. Lakini alirusha iningi 89 tu, Ryan karusha zaidi ya 211. Na hata kwenye hizo 89 wastani wake ni 2.83. Yaani aliyefanya kazi zaidi ya mara mbili ndiye aliyeruhusu pointi kwa kiwango kidogo zaidi! Ni sawa na kumpa tuzo ya ligi mchezaji anayeingia dakika ya 85 kuja kuondoa mipira.

Angalieni na hizo kura zenyewe. Bedrosian pointi 57, Rick Sutcliffe wa Cubs 55, Rick Reuschel 54. Wapiga kura 24, kila mmoja anaandika majina matatu, wa kwanza anapata 5, wa pili 3, wa tatu 1. Maana yake pointi zote zilikuwa 216, na mshindi kachukua 57. Robo na kidogo! Hao waandishi wenyewe hawakujua wanampa nani. Sutcliffe alikosa kwa pointi mbili akiwa na wastani wa 3.68, kisa ameshinda mechi 18. Wastani wa 3.68 unamshinda 2.76, kweli wakuu?

Wazee wa hapa watakuambia hii ni mara ya pili Houston inafanyiwa hivi. 1979 J.R. Richard aliongoza ligi hiyohiyo kwa wastani, 2.71, na kwa straiki tatu, 313. Tuzo ikaenda kwa Bruce Sutter wa Cubs, naye ni mrushaji wa kuingia mwishoni. Mwaka uliofuata, Julai 1980, Richard akapata kiharusi na hakurudi tena ligi kuu. Nafasi yake ilikuwa ni ile moja. Ndiyo maana huku ukimtaja Bedrosian kwa sifa mbele ya mtu wa miaka sitini, mazungumzo yanaishia hapo.

Tuje kwa Mchezaji Bora wa ligi ya Nationali, Andre Dawson wa Cubs. Mimi Dawson nampenda. Wenye timu walikuwa wamekula njama kutogombania wachezaji waliomaliza mikataba, yeye akawapelekea Cubs mkataba ambao sehemu ya mshahara iko wazi, wajaze wenyewe. Wakaandika dola 500,000. (Njama hiyo baadaye ilithibitishwa, na 1990 wenye timu wakakubali kulipa dola milioni 280.) Alichofanya uwanjani ni homu rani 49, pointi 137 zimeingia kwa mapigo yake. Mwanaume.

Lakini Cubs walimaliza mkiani mwa kundi lao. Sawa, tukubali kwamba timu mbovu haimzuii mtu kuwa bora. Basi na Tony Gwynn wa San Diego mbona alitupwa nafasi ya nane? Naye timu yake mkiani. Wastani wake wa kupiga ni 0.370, yaani kila zamu 100 alipata pigo safi, la kumfikisha besi (kituo), mara 37, kiwango ambacho ligi hiyo haikukiona tangu Stan Musial mwaka 1948. Akaiba besi 56, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe. Akachukua na Glovu ya Dhahabu ya ulinzi. Dawson kapiga 0.287. Wa mkiani anayepiga homu rani anapewa taji, wa mkiani anayefika besi kila siku anaambiwa timu yako haijashinda. Kanuni gani hiyo inayobadilika kwa kila mtu?

Ligi ya Amerika nako vilevile. Kwenye kura za Mchezaji Bora, George Bell wa Toronto alishinda kwa pointi 332, Alan Trammell wa Detroit 311. Bell homu rani 47, sikatai. Trammell ni shotistopu, nafasi ngumu kabisa ya ulinzi, na bado akapiga 0.343 na homu rani 28. Wiki ya mwisho Toronto walipoteza mechi saba mfululizo, tatu za mwisho palepale Detroit, na tarehe 4 Oktoba Detroit wakachukua kundi kwa ushindi wa 1-0. Trammell akakaa miaka 15 kwenye kura za waandishi za kuingia Ukumbi wa Mashujaa bila kupita, hadi kamati nyingine ikamwingiza 2018. Lile taji lingembeba.

Kwa Roger Clemens aliyepewa Cy Young ya ligi ya Amerika, na Mark McGwire na Benito Santiago waliopewa tuzo za mchezaji bora mpya, sina neno. Walistahili.

Na msiniambie "ndivyo mchezo ulivyohesabiwa zama zile". Mwaka 2018 Jacob deGrom wa Mets alishinda 10 akapoteza 9, wastani 1.70, na kura 29 kati ya 30 zikamweka wa kwanza. Wamejifunza, vizuri. Ryan alicheza misimu 27, straiki tatu 5,714 ambazo hakuna aliyezikaribia, mechi saba bila kuruhusu hata pigo moja safi, akastaafu 1993 bila Cy Young hata moja.

Mkuu uliyeleta orodha, sina ugomvi na wewe binafsi. Rudi uiongeze safu ya walioongoza takwimu kando ya hao waliopewa tuzo, watu wasome zote mbili. Na kama kuna anayemtetea Bedrosian kwa namba, aje. Nipo hapa usiku kucha.