Walimu wakipunguzwa: aondoke mgeni au aondoke mzembe?

MLETA MADA: Wadau, Wamarekani wanavutana juu ya hili miaka mingi sasa. Bajeti ya shule ikikatwa, abaki nani? Kanuni iliyozoeleka California ni ya ukongwe: wa mwisho kuajiriwa ndiye wa kwanza kuondoka.

Siipendi, na sababu yangu ni Los Angeles 2009. Barua za kupunguzwa zilipotoka, kuna shule za watoto maskini, Liechty na Gompers zikiwemo, ambako karibu nusu ya walimu au zaidi walizipata. Kwingine zilidondoka chache tu. Si kwamba walimu wa pale walikuwa wabovu, walikuwa wapya. Shule ngumu ndiko wapya wanakopelekwa, na wakishakomaa wanahama. Watoto wakabaki na walimu wa muda wanaopishana mlangoni. Kwa nini tusitazame utendaji?

MCHANGIAJI 1: Mkuu umesahau mshahara. Wa miaka 25 kazini analipwa zaidi sana kuliko wa miaka 2. Ondoa kinga ya ukongwe, halafu mpe mwalimu mkuu pengo la bajeti la kuziba. Unadhani atatazama ufundishaji? Tathmini itaandikwa kufuata hesabu. Na yule mbishi wa vikao vya walimu ndiye atakayegundulika "hafai".

MCHANGIAJI 2: Na hizo tathmini za kumpima mwalimu kwa alama za mitihani ya wanafunzi wake! Mwalimu mmoja wa darasa la nne New York alipewa 14 kati ya 20, mwaka uliofuata 1 kati ya 20, na matokeo ya watoto wake hayakutofautiana sana. Alikwenda mahakamani, na 2016 jaji akaifuta ile alama. Chama cha wanatakwimu cha Marekani kilishasema 2014 kwamba katika tafiti nyingi mchango wa mwalimu ni kati ya asilimia 1 na 14 tu ya tofauti za alama. Kwa mzani huo unamfukuza mtu?

MLETA MADA: Hapo kwenye mzani nimekubali, tena sikuwa na hoja. Lakini mmeruka swali la shule. Kesi ya Vergara, ya wanafunzi walioishtaki California: 2014 jaji wa Los Angeles alizibatilisha sheria za jimbo za ajira ya walimu, ya ukongwe ikiwemo. 2016 mahakama ya rufaa ikatengua, ikasema wanaoamua mwalimu apangwe wapi ni viongozi wa elimu, siyo sheria hizo. Basi tugombane na upangaji. Ukongwe ubaki, ila iwekwe kikomo: hakuna shule inayopoteza walimu kupita wastani wa wilaya yake. Wakongwe watahamishwa kuziba. Nyie mnaoutetea ukongwe, mko tayari?

MCHANGIAJI 1: Kwa posho, na madarasa yasiyojaa, nahama kesho. Kwa barua tupu ya uhamisho, tutaonana chamani.