Mama shuga juu, mtoto shuga chini?? Wanamdunga kisigino kila mara

Jirani_Busia: Wakubwa habari za leo, naomba mnieleweshe. Bibi yangu amejifungua jana usiku kwa operesheni, mtoto kilo 4.3, analia vizuri tu. Bibi alikuwa na shuga ya mimba. Sasa manesi kila kabla ya kunyonya wanamdunga mtoto kisigino, mara ya kwanza ikasoma 2.1 eti iko chini. Inakuwaje mama ya juu mtoto ya chini? Mama mkwe amekasirika, anasema wanammaliza mtoto damu, bora tukoroge glukosi ya dukani tumpe kijiko

Mkunga_Mbale: Hongera baba. Iko hivi, tumboni alikuwa anapokea sukari nyingi ya mama kwahiyo kongosho lake likazoea kumwaga insulini nyingi, ile homoni ya kushusha sukari. Kitovu kikikatwa sukari ya mama inakatika palepale ila insulini bado ipo inamaliza kile kidogo kilichobaki. Mtoto yeyote sukari hushuka kidogo saa 1 au 2 za kwanza then inapanda yenyewe, wa mama mwenye shuga ndo anaweza kupitiliza. WHO (shirika la afya duniani) wanahesabu chini ya 2.5 mmol/L, ndo kizio cha mashine, ni shida, wengine 2.6. Na anaweza kuwa chini huku anaonekana mzima kabisa, ndo maana wanapima bila kungoja dalili, njiti pia, walio chini ya kilo 2.5 pia, na waliochelewa kulia. Damu yenyewe ni tone tu mwambie mama mkwe asiwe na hofu

Glukosi ya dukani HAPANA. Hujui kipimo, maji nayo yana mambo yake, halafu anashiba anaacha titi. Ya hospitali ni jeli ya glukosi ya 40% wanapaka ndani ya shavu kwa uzito wake, utafiti wa New Zealand 2013 ulionyesha jeli pamoja na kunyonya inasaidia kuliko kunyonya peke yake. Ikigoma wanaweka dripu

MamaNjiti_Arua: Sisi wetu alikuwa njiti, stripi za mashine ya kupima sukari zikaisha wodini tukatumwa famasi usiku na boda, kwahiyo shemeji uliza mapema kama zipo! Kama bibi bado ana maumivu ya kisu msaidieni kukamua yale maziwa ya kwanza ya njano, hata matone mtoto apewe, kila saa 2 au 3 usiku pia. Na mtoto alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi na kofia, akipoa sukari inaisha haraka

Jirani_Busia: Asanteni sana, wamempaka hiyo jeli akanyonya sasa 2.9. Ila huyu atakuwa mgonjwa wa shuga maisha yake?

Mkunga_Mbale: Hapana, kwa wengi inatulia siku moja mbili. Lakini msiombe ruhusa haraka ya kutoka, na akianza kutetemeka, kulegea, kukataa titi, kuwa bluu au degedege ita nesi saa hiyohiyo. Wa kufuatilia ni mama, apimwe shuga tena kuanzia wiki ya 6 baada ya kujifungua, wengi hapo ndo hawarudi