Kijiji kipi Bulgaria: Shiroka Laka, Kovachevitsa au Govedartsi?

Mtoto_wa_Tanga: Wakuu, habari za mchana. Tunaishi Ujerumani, vibali vya ukaazi tunavyo, na Bulgaria iko Schengen kamili (eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani) tangu Januari 2025, kwa hiyo viza si shida. Tunataka wiki moja mwanzoni mwa Machi: mimi, mke wangu na mama mkwe, ambaye goti linamsumbua. Tumebakiza vijiji vitatu hivyo. Aliyefika anisaidie, maana picha za mtandaoni zote ni nyumba za mawe na moshi.

Mzee_wa_Sofia: Kijana, nilisoma Sofia, mji mkuu, enzi za Zhivkov, mtawala wa kikomunisti. Shiroka Laka, usijiulize mara mbili. Ni bonde jembamba kwenye milima ya Rodopi, mto unapita katikati, madaraja ya mawe yamepinda mgongo. Jumapili ya kwanza ya Machi wanatoka kukeri, watu waliojivika ngozi za mbuzi na kengele kubwa kiunoni, wanafukuza mabaya. Mlio unaupata kifuani kabla hujawaona. Halafu kuna kaba gaida, zumari la kiriba cha ngozi ya mbuzi, lina sauti nzito ajabu. Mwaka 1977 Marekani walirusha chombo cha anga za juu, Voyager, na santuri ndani yake. Humo yumo mwanamama wa milima hiyohiyo, Valya Balkanska, akisindikizwa na gaida.

Binti_Kilindi: Shikamoo mzee. Mbona hujamwambia habari ya vilima? Nyumba zimepanda ubavuni huku na huku, njia ni mawe yanayoteleza. Na mkoa wa Smolyan hauna reli kabisa. Mnashuka treni Plovdiv, mnapanda basi la kona mwanzo mwisho. Nilifika nimeshika mfuko mdomoni.

Fundi_Reli: Kwa reli, Kovachevitsa inashinda njiani tu. Septemvri hadi Dobrinishte ni kilomita 125 za reli nyembamba, milimita 760, kama saa tano. Kituo cha Avramovo kiko mita 1,267, hakuna cha juu zaidi Balkani. Ukishuka bado una safari ya gari kupitia mji wa Gotse Delchev. Kijiji chenyewe hata paa ni za mawe, kizuri mno, lakini ni mwinuko mtupu. Mama mkwe muache.

Binti_Kilindi: Ndiyo maana nasema Govedartsi. Bonde pana chini ya milima ya Rila, Sofia si mbali, unatembea tambarare. Uzuri wa nyumba hakuna, nakiri. Unakaa dirishani unatazama theluji.

Mzee_wa_Sofia: Dirishani hata Ujerumani yapo. Rodopi atakula patatnik: viazi vya kukunwa, vitunguu, jibini na nanaa, vimeokwa hadi ukoko. Jambo moja: wakitikisa kichwa wamekubali. Siku zangu za mwanzo niliuliza mkate dukani, muuzaji akatikisa kichwa, nikaondoka zangu. Akanikimbiza barabarani na mkate mkononi.

Mtoto_wa_Tanga: Nimemsomea mama mkwe yote. Anasema goti ni lake, na kengele anazitaka. Basi Shiroka Laka. Mzee, nyumba za wageni za chini, karibu na barabara, zipo?

Mzee_wa_Sofia: Zipo. Mwambie mwenye nyumba "dolu", yaani chini. Akitikisa kichwa, shusha mizigo.