Mark X 120 ya cc 2500: nifunge tabo au supachaja?

mtu_wa_tegeta:
Wakuu habari za jioni. Nina Toyota Mark X 120, injini ya 4GR, naipenda sana hii gari ila nikiwa na familia na mizigo nikimaliza mlima Kitonga nataka kulipita semi naona inajivuta mpaka naahirisha. Kuna fundi kaniambia nifunge tabo, mwingine anasema supachaja ndio mpango. Naombeni ushauri wa kweli maana hela yenyewe ya kuungaunga.

fundi_spana14:
Mkuu zote kazi yake ni kushindilia hewa kwenye silinda ili uchome mafuta mengi zaidi, tofauti ni nani anaizungusha. Tabo inazungushwa na moshi wa eksozi ambao ungetoka bure, supachaja inazungushwa na belti toka puli ya krenki, ile shafti kuu ya injini, yani inakula kwanza nguvu ya injini ndio ikurudishie zaidi, ila ukikanyaga inaitika hapo hapo. Tabo unakanyaga, inasubiri moshi ujae, halafu inakuvuta ghafla.
Sasa tatizo lako liko kwingine. 4GR komprasheni yake ni 12 kwa 1, yani hewa kwenye silinda inabanwa mara 12. Ile 1JZ, injini ya Toyota ya tabo yenye VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa valvu kufunguka), iliyotoka kiwandani na hp 280 (nguvu za farasi) ni 9 kwa 1, waliishusha makusudi. Wewe ukishindilia hewa juu ya 12 petroli inajiwakia kabla ya wakati, injini inaanza kugonga, na pistoni ikitoboka ndio basi tena.

baba_kompressa:
Mi naendesha Mercedes C200 Kompressor W203, cc 1800, hp 163, supachaja ya kiwandani. Kaka raha yake ni foleni na milima, huisubirii, ukigusa tu imeondoka na kale kamluzi kake. Ila kwa ukweli, Mercedes wenyewe kwenye W204, toleo lililofuata, walianza na kompressa ya hp 184 wakaja kuhamia tabo, cc zile zile 1800, hp zile zile 184, ila toki, yani nguvu ya kuzungusha, ikapanda toka Nm 250 mpaka 270. Kwa mafuta tabo inashinda, hapo sibishani.

wa_ngong_road:
Huku Nairobi tuko juu kama mita 1,700, hewa ni nyepesi, injini ya kawaida inapoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu. Tabo inaweza kuzunguka kasi zaidi ikafidia, supachaja imefungwa na belti kwa hivyo haina pa kuongezea. Kama unapanda nyanda za juu mara nyingi mimi naenda na tabo.
Lakini oili jameni! Ile shafti ya tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na imebebwa na utando wa oili tu. Gari yangu ya kwanza ya tabo niliiua mwenyewe, nilikuwa nachelewesha sana sevisi na nikitoka mbio ndefu nazima hapo hapo. Siku tulitoa paipu ya hewa nikashika ile shafti kwa vidole ikacheza mpaka mapanga yakagusa ukuta, nyuma moshi wa bluu. Iliniuma sana.

mtu_wa_tegeta:
Nimewaelewa. Ila mbona nasikia kuna Mark X zilitoka na supachaja Japani?

fundi_spana14:
Zipo, za Modellista, kampuni ya Toyota ya kuboresha magari, hp 360, lakini hiyo ni injini ya 2GR ya cc 3500 na ina vitu vyake. Ukitaka yako ifike huko unahitaji pampu ya mafuta, nozeli za kupulizia mafuta, intakula ile rejeta ya kupoza hewa, kontroli boksi (kompyuta ya injini) ipangwe upya, na gia boksi nayo usisahau.
Kabla ya yote nikuulize, manifoldi ya hewa imewahi kufunguliwa? 4GR inapulizia petroli ndani ya silinda moja kwa moja, kwa hiyo valvu za hewa hazioshwi na mafuta hata siku moja. Wiki jana nimefungua moja, masizi yameganda kwenye valvu kama sufuria ya kuni, mwenye gari naye alikuwa anataka tabo. Tumekwangua siku nzima, hajaulizia tabo tena.

mtu_wa_tegeta:
Duh. Yangu ina kilomita 148,000 na sijawahi kufungua. Jumamosi naileta, nije na plagi mpya au tuzipime kwanza zilizopo?

fundi_spana14:
Njoo nazo hizo hizo, tutazisoma rangi, halafu tupime komprasheni silinda zote sita.