Tupeane uzoefu: kuhamisha namba za wanachama kwenda mfumo wa mtandaoni

Katibu_Tabata
Habari zenu wakuu. Mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana. Namba zetu zilikuwa zimetawanyika: nyingine kwenye daftari la mweka hazina, nyingine kwenye simu ya katibu aliyepita, nyingine kwenye grupu la WhatsApp. Tukaamua kuziweka mahali pamoja mtandaoni, ili msiba ukitokea usiku taarifa imfikie kila mwanachama.

Kazi kubwa ilikuwa majina. Katibu wa zamani aliandika "Mama Neema Mkaa", "Fundi Bomba", "Baba J wa Kisiwani". Mfumo unataka jina la kwanza na la ukoo. Tulipojaza majina ya kitambulisho, wajumbe hawakujua nani ni nani! Tukaongeza safu ya jina la mtaani, na hiyo ndiyo tunayoitumia kila siku. Kwenu ilikuwaje?

MwalimuMoshi
Katibu, angalia sana sifuri. Namba zetu zina tarakimu 10 na zinaanza na 0. Ukizibandika kwenye jedwali la kompyuta kabla safu haijawekwa kuwa ya maandishi, 0713 inabaki 713. Ukianza na 255 ni balaa zaidi, kwa sababu tarakimu 12 zinageuka kitu kama 2.55713E+11, na ukihifadhi faili la CSV (jedwali la maandishi matupu ambalo mifumo mingi hupokea) katika hali hiyo, tarakimu za mwisho zimepotea moja kwa moja. SACCOS yetu ilikubaliana kila namba iandikwe kwa +255, safu ni ya maandishi, na faili la awali haliguswi na mtu. Tukapakia watu wachache, tukawapigia, ndipo wakafuata wengine.

Bint_Unguja
Assalaam alaykum. Jumuiya yetu ina watu Unguja, Muscat na London. Namba za Oman zina tarakimu 8 na hazianzi na sifuri, kwa hiyo mfumo ulizikataa zote mpaka tulipotanguliza +968. Za Uingereza tukaweka +44 na kuiondoa sifuri ya mwanzo.

Lililoniuma ni wazee. Mfumo wa kwanza ulimlazimisha kila mtu awe na barua pepe. Bibi zetu wana simu za vitufe, na wao ndio walioianzisha jumuiya hii. Tukatafuta mfumo mwengine unaokubali namba ya simu peke yake.

ChamaNakuru
Je, mliwaomba ruhusa? Huku Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Akina mama wa chama chetu waliuliza swali moja tu: nani ataona nambari yangu? Tukakubaliana mwenyekiti, katibu na mweka hazina ndio waone orodha yote. Nambari ya kitambulisho tukaiacha kwenye daftari, kwa sababu haihitajiki ili kutuma ujumbe wa mkutano.

Katibu_Tabata
Asante dada. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Tulisoma orodha mkutanoni, majina bila namba, kila mtu akaridhia lake.

Na marehemu je? Laini yake mara nyingi inabaki kwa mjane au mtoto, na hao ndio tunaowahitaji.

MwalimuMoshi
Usiifute. Iandike upya kwa jina la anayeishika sasa, na weka alama kwamba ni mwakilishi wa familia. Ujumbe wa ada wenye jina la marehemu ukimfikia mjane unamrudisha msibani. Kwetu, kabla ya kutuma ujumbe wa pamoja, mjumbe wa kila mtaa anapitia majina ya eneo lake.

Bint_Unguja
Na akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya chama, si ya katibu. Nywila wawe nayo viongozi wawili, ibadilishwe kila baada ya uchaguzi.