Bluu kugeuka waridi kwenye picha za Mirihi, imekaaje hii?

chaki_nyekundu: Wakuu, habari. Roboti ya Spirit ilitua Mirihi Januari 2004 ikiwa na kibao kidogo cha saa ya jua, kona zake zimepakwa rangi za kupimia kamera. Kwenye picha nyingi kona ya bluu ni ya waridi! Rafiki yangu anasema NASA wanapaka rangi wanavyotaka. Halafu kamera yenyewe megapikseli moja tu, mbona picha zinaonekana kali kuliko za simu yangu?

prizimu: Mkuu, sensa ya kamera ile haijui rangi. Inapima wingi wa mwanga tu. Mbele yake kuna gurudumu la vichujio; unapiga picha moja, gurudumu linazunguka, unapiga tena. Ukitaka rangi unachukua tatu kati ya hizo za nyeusi na nyeupe, unazipandanisha: hii nyekundu, hii kijani, hii bluu.

Mchezo uko kwenye hiyo "nyekundu". Mara nyingi walitumia kichujio cha karibu nanomita 750 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), mwanga ambao jicho halioni kitu, kwa kuwa unawafaa watu wa miamba. Rangi ile ya bluu ya kibao huakisi mwanga huo kwa nguvu sana. Basi bluu inavamiwa na nyekundu, unapata waridi. Weka kichujio cha nanomita 600, bluu inarudi. Picha ghafi ziko wazi kwa umma, rafiki yako apakue azipandanishe mwenyewe.

Megapikseli zisikutishe. Fremu moja ilifunika pembe ya nyuzi 16 tu kwa pikseli 1024, yaani 64 kwa kila nyuzi. Simu yenye pikseli 4000 kwa upana, ikifunika nyuzi 65, inapata kama 62. Ngoma droo! Tena simu hupima rangi moja tu kwa kila pikseli, mbili zilizobaki inakisia kutoka kwa majirani. Zile panorama kubwa ni fremu nyingi zilizounganishwa.

mzingo: Curiosity, roboti nyingine ya NASA huko Mirihi, lakini ina kamera za rangi zinazokisia vilevile kama simu.

prizimu: Kweli, Mastcam, kamera zake za mlingotini, ni hivyo.

mzingo: Na rafiki yake tusimcheke sana. Sayari ya Neptune kwenye picha za chombo cha Voyager 2, 1989, tuliizoea ikiwa bluu iliyoiva. Mwaka 2024 Patrick Irwin wa Oxford na wenzake walizichakata upya, ikatoka ya kijani-bluu hafifu, karibu sawa na sayari ya Uranus.

prizimu: Ila maelezo chini ya picha za 1989 yalisema rangi imekolezwa. Watu walisambaza picha, maelezo wakayaacha.